Kiendeshi Kilichomeza Yowe

Bi Salamba, katibu wa baraza la Mwalugesha, aliingia karakana yangu bila hodi na kunimwagia masikio ya mtaa mzima mezani. Asubuhi hiyo nilikuwa hata chai sijanywa. Vijaluba vyao vya kusikilizia vilijaa kikapu cha sokoni, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi ya nyumba yake, na wenyewe walikuwa wamekaa nje kwenye kivuli cha ukuta, viziwi kabisa, wakizungumza kwa vidole na kunichungulia dirishani.

Alinieleza shida yake huku akijipepea kwa kitambulisho. Mkutano wa hadhara ni kesho kutwa, na kufikia hapo alitaka jibu moja tu: waliokosa ni punje za masikio au ni watu? Nikamwambia programu haikaguliwi kama gunia la pamba, kwamba kazi hiyo ingeweza kunila mwezi mzima. Akanitazama kama mtu anavyomtazama punda aliyegoma mlimani.

"Sema umechoka, Nyanjige," akasema. "Hilo nitakuelewa. Ila usiniambie huna siku, maana asiye na siku ni Luhende."

Jambo lenyewe lilikuwa limeshaenea mji mzima. Wiki iliyotangulia, jua likiwa la utosi, kibanda cha betri cha nyumba ya Mbuke kilishika moto. Mumewe, Sayi, aliingia kukata nyaya, boriti ya paa ikamwangukia miguuni. Mbuke alijaribu kuinyanyua peke yake, akashindwa. Akatoka uani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Alipiga mpaka sauti ikamkauka na hakuja mtu, na Sayi akafia mle ndani. Boriti ile, walisema wote walioiona baadaye, ilihitaji watu wawili tu, mmoja huku na mmoja kule.

Kwetu yowe ni sheria. Ukilisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni mtoto mwenye povu kichwani, unakimbia. Ukifika, mwenye yowe anataja jina lako mbele ya watu: fulani amefika. Yowe likipata mtu na nyumba ikapona, mambo huishia hapo, na wasiokuja hunung'unikiwa moyoni tu. Lakini kukitokea maafa, baraza humtafuta aliyesikia akakaa, na huyo hutengwa. Hasalimiwi, hauziwi chumvi, hapewi moto, bombani hapishwi, yeye na nyumba yake yote. Nikiwa msichana niliona familia moja ikitengwa. Walihama mchana kweupe, magodoro kichwani, na sisi tuliokuwa tunacheza na watoto wao tuliingizwa ndani tusiwaage.

Kutenga mtaa mzima haiwezekani, nani angebaki kumtenga mwenzake? Kwa hiyo macho yote yalikuwa yamemwangukia Luhende, jirani wa ukuta mmoja na Mbuke, ambaye mchana ule alikuwa nyumbani.

Bi Salamba alipoondoka nilichemsha chai, nikakaa, nikavuta kijaluba cha kwanza.

Punje ni chipu ndogo kama mbegu ya mtama. Hupandikizwa nyuma ya sikio mtoto akishaugua homa ya vumbi, na Mwalugesha hakuna mtoto asiyeiugua. Punje yenyewe haina akili, haijui kicheko cha mtu wala kubweka kwa mbwa. Akili iko kwenye kijaluba, kikompyuta cha nje chenye betri na mfumo endeshi wake, na kati ya viwili hivyo kinakaa kiendeshi, ile programu ya kupokea sauti huku na kuikabidhi kule. Kampuni iliyotengeneza chipu ilifunga milango zamani bila kutuachia hata ukurasa wa maelezo. Fundi Ndaki, mwenye karakana hii kabla yangu, aliijua kwa kuipapasa, rejista moja baada ya nyingine, vile visanduku vidogo vya namba ndani ya chipu, kama mtu anayetafuta swichi gizani katika nyumba ya ugenini. Ndaki sasa yuko makaburini, na anayepapasa ni mimi.

Nilisoma kumbukumbu za mchana ule wa moto. Kijaluba cha kwanza kilisikia redio, mlango, mtu akipiga chafya. Yowe hakuna. Cha pili kilisikia mchi kinuni na ugomvi wa kuku. Yowe hakuna. Niliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Kwa ushahidi wa masikio ya mtaa mzima, Mbuke hakufungua mdomo. Nikajiona nimesimama mbele ya mjane nikimwambia kwamba hakulia.

Kijaluba cha Luhende kilikuwa karibu na mwisho wa kikapu, na ndani yake yowe lilikuwamo. Kijaluba hakihifadhi sauti yenyewe, huhifadhi umbo lake tu: ukali, kimo, muda. Umbo lilikuwa mstari mrefu unaopanda, unakatika kidogo, unapanda tena. Huhitaji kuwa fundi kujua ni nini. Nilipouona nilifurahi, maana Mbuke alikuwa hajasema uongo.

Sasa nilihitaji kujua kwa nini yeye na si wengine. Nikafungua hazina yetu ya sauti za majaribio. Kila tukirekebisha kiendeshi, huwa tunakipitisha kwenye sauti hizo zote ili tuone kama kuna tuliyoiharibu. Ndaki alizirekodi kwa miaka: mvua juu ya bati, kikohozi cha mzee, ng'ombe anayezaa, ngoma ya mavuno, vigelegele, mtoto anayedeka, hata mtu anayekoroma, na huyo nadhani alikuwa mke wake. Nilizipitisha zote na zote zilitoka salama. Nikatafuta yowe la kujaribia. Halikuwamo.

Nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyechoka. Lingewekwaje? Yowe la uongo kwetu ni kosa linalokaribia la kutoitika. Unaweza kumwambia mtu alie, acheke, atukane mbele ya kinasa sauti, naye atakufanyia. Mwambie apige yowe bila janga na atakuuliza kama una wazimu. Kiendeshi chetu kilijaribiwa kwa kila sauti ya mji huu isipokuwa ile ambayo masikio yalihitajika kwayo kuliko zote, na hakuna kati yetu aliyeliona pengo hilo, kwa sababu wote tulikuwa watu wenye adabu.

Nikafanya ninachoweza bila kuvunja mwiko. Nilichukua umbo lile kutoka kijaluba cha Luhende, nikalichora upya kwenye kompyuta, nikalituma kwa waya moja kwa moja hadi kwenye kijaluba cha jirani mwingine. Chumbani hakikusikika kitu, kwa hiyo hakuna yowe lililopigwa. Kwenye skrini mstari uliingia kiendeshini ukipanda vizuri. Upande wa pili ulitoka umelala chini kama kamba iliyokatika.

Chanzo nilikipata adhuhuri, na kilikuwa kwenye kichujio cha feni. Mashariki mwa mji kuna kituo cha umeme wa jua, na jua likipanda, feni za kupoza mitambo hulia sauti nyembamba inayopenya mpaka kwenye meno. Kilipojengwa, watu walimwendea Ndaki wakimsihi awaondolee adha ile. Akaandika kichujio: sauti yoyote ya juu, ndefu, inayopanda, ishushwe mpaka isisikike, na isiandikwe popote ili kumbukumbu isijae. Walimpikia kuku kwa shukrani. Kuku wale niliwala na mimi.

Feni na yowe, kwa kichujio, ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni kwamba feni haivuti pumzi na mtu huvuta. Kichujio hakikusubiri pumzi. Kilikuwa kinaamua mapema, na kikishaamua hakirudi nyuma. Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa: sauti ipite kwanza, isikilizwe, na ishushwe tu ikithibitika kwamba haipumui. Feni zingesikika kidogo kila zinapoanza kuvuma, na watu wangelalamika. Nikasema acha walalamike.

Nilijinyoosha mgongo. Furaha ya kulipata kosa naijua vizuri, nayo ilinijia, ingawa ilikuja imechoka kama mimi. Hakuna mwenye hatia. Luhende hatatengwa. Nikarudi kwenye kijaluba chake ili nielewe kwa nini kwake yowe lilipita, nipate kulieleza baraza jambo lililokamilika.

Jibu lilikuwa rahisi. Luhende ni mhudumu wa feni kituoni. Kazi yake ni kusikiliza feni inayoanza kukwaruza kabla haijaungua, na Ndaki alimwondolea kichujio ili aweze kuifanya. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyebaki na sikio la kusikia yowe. Nikashuka mstari mmoja chini, mahali ambapo kijaluba huandika kilichofuata baada ya sauti.

Kiliandika: kimezimwa kwa mkono.

Nilisoma tena. Kisha, kwa sababu sikutaka kuamini, nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za miezi na miaka, nikitafuta umbo lile lile. Nilikuta mayowe mengine, mengi kuliko nilivyodhani mji huu unayo. Na kila baada ya yowe kijaluba kilikuwa kimeandika kitu kimoja: sauti imepandishwa kwa mkono. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayetaka kujua kilio kinatoka upande gani ili akimbilie huko. Alipandisha kila mara, na mara ya mwisho alizima.

Ningetamani nisingeliona jambo hilo. Nalisema wazi.

Nilivirudisha vijaluba kwa wenyewe, nikabaki na cha Luhende, nikampelekea mwenyewe kituoni. Nilimkuta kwenye banda la feni, akiwa kiziwi, kiganja amekibandika kwenye ubavu wa mtambo ili asikie kwa mkono. Ni mtu mrefu aliyeinama mapema. Nilimshika bega, nikamsaidia kukivaa, nikamwamkia, "Mwadila, baba." Akaniitikia na kuniletea ndoo akaigeuza nikae.

Sikuwa na maneno ya kuzunguka. Nilimwambia nimeona yowe kwenye kijaluba chake, na nimeona kilichofuata. Hakushtuka. Alifuta mikono kwenye kitambaa cheusi cha grisi kwa muda mrefu, kana kwamba mikono hiyo ingeweza kutakata.

"Nilisikia," akasema. "Sikukusudia kumficha mtu. Hakuna aliyeniuliza kwa namna ya kujibika. Wananiuliza, Luhende, kwa nini hukuja? Hawaulizi kama nilisikia."

Nilimuuliza kwa nini alizima, na hapo alikaa chini. Alinisimulia kwa sauti ya chini, na mengi nilikuwa nimeshayasoma. Nyoka kwa Mbuke, alikwenda. Wezi wa mbuzi kwa kina Lugembe, alikwenda na fimbo moja. Mtoto kisimani, uchungu wa mama wa watu uliokuja ghafla, ukuta uliomwangukia mtu wakati wa mvua, kote alikwenda, na kote alifika peke yake. Mwanzoni alidhani wengine wamechelewa. Baadaye alijua hawaji. Alikuwa akirudi nyumbani na matope magotini, anawakuta majirani barazani wanacheza bao, wanamsalimu vizuri tu, na hawaulizi chochote. Alianza kuwachukia. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," aliniambia, "na hawa wameamua kanda lao lote nilibebe mimi."

"Siku ile nilitoka zamu nimechoka, mwanangu. Nikasikia. Miguu ikasimama yenyewe. Nikaiambia ikae. Nikasema leo siendi, leo na aone haya mtu mwingine. Nilijijua nisingevumilia kusikiliza. Nilizima ili nisije nikaenda."

Feni zilivuma. Nikamweleza kuhusu kichujio. Nilimweleza polepole, kwamba wenzake hawakuwa wavivu wala wabaya, kwamba hawakuwahi kusikia, na kwamba kila yeye alipofika, nyumba ikapona, mambo yakaisha na kosa likazidi kufichika. Kama angekuwa mvivu kidogo miaka ile, tungeligundua mapema. Hilo la mwisho sikulisema, lakini yeye si mjinga.

Alikunja uso kama anayefanya hesabu inayokataa kutoka.

"Kwa hiyo walikuwa hawasikii," akasema. "Wakati wote ule." Halafu akaongeza, "Na mimi nilikaa nikawachukia."

Nilimwambia naweza kulieleza baraza kosa la kiendeshi na kuishia hapo. Nikisema kiendeshi kilimeza yowe la mtaa, hakuna atakayeuliza kama mtaa ni pamoja na yeye. Ningekuwa nimesema kweli, ila si yote. Nilijua pia kwamba kesi hii haimhusu yeye pekee. Mkewe, Minza, ana miguu mibaya, haendi mbali zaidi ya bombani, na kutengwa kungemkuta palepale.

Luhende aliinuka, akabandika tena kiganja kwenye ubavu wa mtambo ingawa sasa alikuwa anasikia.

"Fanya unavyoona," akasema. "Mimi sitakuomba unifiche, wala sitakuomba uniseme. Nimechoka, Nyanjige. Amueni nyinyi wengine, mara moja hii."

Niliondoka na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Sijawahi kutaka kuwa hakimu. Nilitaka kurekebisha kiendeshi, ninywe chai, nilale. Marekebisho niliyamaliza siku iliyofuata, na asubuhi ya mkutano watu walipanga foleni mbele ya karakana nikawawekea toleo jipya mmoja mmoja. Kila niliyemwekea alikunja uso feni zilipoanza kuvuma, na wawili waliniomba niwarudishie la zamani. Njiani kuelekea mkutanoni nilikuwa nimeamua: nitasema la kiendeshi, na lingine sitalitaja nisipoulizwa. Ni uamuzi wa mwoga, najua. Mtu aliyechoka hukaa pale anapopata kivuli.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mbuke alikaa mbele kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, mikono yake bado imefungwa bandeji kwa kuungua. Luhende alisimama nyuma kabisa. Minza aliletewa kigoda.

Nilieleza kichujio, feni na pumzi. Nilieleza kwa nini hazina yetu haikuwa na yowe, na hapo watu wazima waliinamisha vichwa, maana kila mmoja alijua naye angekataa kurekodiwa. Nilipomaliza ilisikika pumzi ndefu ikitoka vifuani mwa watu wengi. Walikuwa wamekaa siku zote hizo wakijiuliza kama ni wauaji. Mama mmoja alianza kulia kwa nguvu, na mzee Lugembe akarudia-rudia kwamba hakusikia, kweli hakusikia, ingawa hakuna aliyekuwa anambishia. Bi Salamba alishafungua mdomo kufunga shauri.

Mbuke aliinua mkono.

"Nyanjige," akasema, "kuna aliyesikia?"

Niliutazama ule mkono wenye bandeji. Nilimtazama Minza kwenye kigoda chake. Ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mwanamke alikuwa amesimama uani akipaza sauti mpaka ikamwisha, na kwa miaka yote kiendeshi kilikuwa kikimfanyia kazi moja, kumwambia kila mtu kwamba hakulia. Sikuweza kuwa kichujio kingine.

"Yupo," nikasema.

Kabla sijataja jina, Luhende aliita kutoka nyuma kwamba ni yeye. Watu wakageuka. Alisema alisikia, alijua ni Mbuke, na alizima. Hakusema neno la kujitetea, kwa hiyo nililisema mimi. Nilisema kila nilichokisoma, nyoka, mbuzi, kisima, ukuta, na kwamba kwa miaka yote mji huu ulikuwa na sikio moja la yowe na miguu miwili ya kulikimbilia, na ni ya mtu huyu. Nilipokuwa nikisema niliona watu wakikumbuka, mmoja mmoja. Kila aliyewahi kupiga yowe alimkumbuka aliyetokea.

Bi Salamba hakuwa mtu katili. Alisema kwa sauti isiyo na raha kwamba sheria inamjua aliyesikia akaja na aliyesikia asije, na haina chumba cha tatu. Minza alikuwa anatazama ardhini. Nikaona nimewaua wote wawili kwa neno moja.

Mbuke hakumtazama Luhende. Alinigeukia mimi.

"Hiki kiendeshi kipya umeshakijaribu?"

Nilimjibu nimekijaribu kwa waya. Kwa yowe lenyewe, hapana, kwa sababu hakuna awezaye kupiga yowe la uongo.

"Langu si la uongo," akasema. "Halijajibiwa bado."

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka uwanjani peke yake kuelekea kwake. Hakuna aliyemfuata. Tulikaa tukatazamana. Bi Salamba alikaa pia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona hajui la kufanya.

Kisha likaja.

Nilikuwa nimeliona kama mstari kwenye skrini, nikalichora, nikalipima. Sikuwa nimelisikia tangu utoto. Lilianzia chini, likapanda, likakaa juu mahali ambapo mtu hawezi kukaa muda mrefu, likakatika kwa kuvuta pumzi, na ile pumzi niliisikia, kisha likapanda tena. Uwanja mzima uliinuka kwa pamoja, vigoda vikaanguka, na tukakimbia. Tulijua moto umeshazimika. Tulijua Sayi ameshazikwa. Tulikimbia hivyohivyo, wazee kwa vijana, Bi Salamba ameshika viatu mkononi, na wengine wakilia huku wakikimbia.

Luhende alikuwa ametangulia, miguu yake iliamka kwa mazoea kabla ya yetu sote. Lakini penye kona ya ghala nilimkuta amesimama pembeni ya njia. Alikuwa ametupisha. Watu walimpita kwa wingi, vumbi likimtimkia usoni, na yeye alikuwa anawatazama mmoja mmoja kama mtu anayewahakiki, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Minza alipofika, akichechemea, alimpa bega na wakaja pamoja nyuma ya wote.

Mbuke alikuwa amesimama kwenye mlango ulioungua wa kibanda cha betri. Alitaja majina tulivyokuwa tukiingia. Lugembe amefika. Salamba amefika. Nyanjige amefika. Alitaja kila jina taratibu, na wengi wetu tulipotajwa tulitazama chini, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuokoa. Ndani ya kibanda ile boriti ilikuwa bado imelala pale ilipoachwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa tangu mwili utolewe.

Minza akatajwa. Wa mwisho aliingia Luhende, akasimama getini asisogee.

"Luhende," Mbuke akasema. Tulisubiri neno linalobaki, na alikawia kulitoa kiasi kwamba nilidhani hatalitoa. "Amechelewa."

Bi Salamba, bado anahema, alimuuliza kwa upole hilo alichukulie vipi, ni kufika au ni kutofika, maana baraza litataka kujua. Mbuke akajibu kwamba ameshasema: amechelewa. Aliingia kibandani, akainama, akashika ncha yake ya boriti kwa ile mikono iliyofungwa, akakaa hivyo ameinama, akisubiri.

Tulikuwa umati mzima pale uani na hakuna aliyesogea. Luhende alivuka ua wote ule, akaingia, akashika ncha ya pili. Wakainyanyua. Ilinyanyuka mara moja, wala hawakuhema.